Bao lina mashimo 32, kumbukumbu ina foleni moja

Chukua bao la kete: mistari minne, kila mstari mashimo manane. Mwambie mtu ayapitie mashimo yote 32 bila kurudia wala kuruka. Mmoja ataanza mstari wa juu, kushoto kwenda kulia, kisha ashuke kwenye wa pili. Mwingine ataanza kwa kushuka: shimo la kwanza la kila mstari, kisha asogee hatua moja pembeni na kushuka tena. Mchezaji wa kweli hatafanya lolote kati ya hayo, maana mkono wake umezoea kuzunguka mistari miwili, unakwenda na kurudi. Mwisho wa yote, kila mmoja ameyafikia mashimo 32 na hesabu yake ni sahihi.

Kwenye kompyuta pia wote wangepata jibu sahihi. Ila mmoja angemaliza mapema na mwingine angekuacha unakodolea kioo. Makala haya yanaeleza kwa nini, na namna ya kuandika msimbo unaopitia arei, yaani mpangilio wa namba kama lile bao, ya pande mbili, tatu au saba bila kujichosha na bila kuichosha mashine.

Nitatumia Julia, lugha iliyobuniwa kwa ajili ya hesabu za kisayansi. Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman walianza kuijenga mwaka 2009, wakaitangaza Februari 2012, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2018. Nimeichagua kwa sababu haikiadhibu kitanzi, yaani amri inayorudiwa tena na tena. Aliyelelewa na Python au R amefundishwa kukiogopa kitanzi cha `for` kama moto. Kila kitu akipitishe kwenye funksheni ambazo wengine walikwisha kuziandika kwa lugha za C au Fortran. Julia huitafsiri funksheni yako kuwa lugha ya mashine kabla ya kuiendesha, kwa hiyo kitanzi ulichokiandika mwenyewe kinaweza kukimbia sambamba na cha C. Ukishapewa uhuru huo, mpangilio wa kitanzi unakuwa mzigo wako.

Foleni

Tutengeneze bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo:

```
bao = fill(2, 4, 8)
```

Sisi tunaona jedwali. Kumbukumbu ya kompyuta haijui mstari wala safu. Ni foleni moja ndefu ya anwani zinazofuatana, na namba zako 32 lazima zipange foleni hiyo kama watu dirishani. Swali ni nani asimame nyuma ya nani.

Julia hupanga safu kwanza. `bao[1,1]` anafuatwa na `bao[2,1]`, kisha `bao[3,1]`, kisha `bao[4,1]`, ndipo anaingia `bao[1,2]`. Fahirisi, yaani namba ya mahali ndani ya mabano, ya kwanza ndiyo inayokimbia. Ya pili husogea polepole. Ukitaka kujua shimo la mstari i, safu j, liko nafasi ya ngapi kwenye foleni, hesabu ni i + (j − 1) × 4. Shimo la mstari wa 3, safu ya 6, liko nafasi ya 3 + 5 × 4, yaani 23. Na kweli, ukiandika `bao[3,6]` au `bao[23]`, Julia inakupa shimo lile lile.

Desturi hii ilitoka Fortran ya IBM, iliyotoka mwaka 1957, na MATLAB na R nazo zinaifuata. C hupanga kinyume chake: fahirisi ya mwisho ndiyo inayokimbia. NumPy ya Python hufuata C usipoiambia vingine. Nimesoma mabishano marefu kuhusu ipi ni bora na sikuona faida yake. Ni kama kubishana gari lipite kushoto au kulia. Dereva wa lori kutoka Dar es Salaam anayevuka Rusumo kuingia Rwanda hana haja ya kujua nani yuko sahihi. Anatakiwa akumbuke tu kwamba amevuka.

Na watu wanasahau. Mfano halisi ni data za mvua za CHIRPS, zinazotolewa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Zinaanza mwaka 1981, na ardhi imegawanywa katika viseli vya nyuzi 0.05. Ukilifungua faili lake la NetCDF, muundo wa kuhifadhi data za kisayansi, kwa Python, pande zake utaziona kwa mpangilio huu: muda, latitudo, longitudo. Ukilifungua faili hilo hilo kwa Julia kupitia pakiti ya NCDatasets, utaona longitudo, latitudo, muda. Wageni hudhani data zimegeuzwa. Hakuna baiti hata moja iliyohama. Longitudo ndiyo inayokimbia kwenye diski; Python inaiandika mwisho kwa sababu kwake anayekimbia hukaa mwisho, na Julia inaiandika mwanzo kwa sababu kwake anayekimbia hukaa mwanzo.

Nyanya kwa fungu

Tukate kisanduku kinachoizunguka Tanzania karibu yote: nyuzi 29 hadi 41 mashariki, nyuzi 1 hadi 12 kusini. Kwa viseli vya 0.05 tunapata viseli 240 kwa 220, yaani 52,800 kwa siku. Kwa mwaka wa siku 365 hizo ni namba 19,272,000. Zikihifadhiwa kama Float64, yaani namba za desimali za baiti 8 kila moja, ni zaidi kidogo ya megabaiti 154. Si data kubwa. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inaibeba.

Tuiite arei hiyo `mvua`, na tujumlishe namba zote:

```
for siku in 1:365, lat in 1:220, lon in 1:240
    jumla += mvua[lon, lat, siku]
end
```

Katika kitanzi cha namna hii, kilicho kulia kabisa ndicho cha ndani kabisa. Kwa hiyo `lon` inakimbia, na foleni inatembewa hatua kwa hatua. Sasa geuza:

```
for lon in 1:240, lat in 1:220, siku in 1:365
    jumla += mvua[lon, lat, siku]
end
```

Namba ni zile zile, na jibu ni lile lile, ukiacha tofauti ndogo mno za desimali za mwisho zinazotokana na mpangilio wa kujumlisha. Lakini kila hatua sasa inaruka kutoka siku hadi siku, na kati ya siku moja na inayofuata kuna baiti 422,400.

Kuruka kuna ubaya gani? Prosesa, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, haiendi kwenye kumbukumbu kuchukua namba moja. Sokoni nyanya zinauzwa kwa fungu. Hata ukitaka moja ya kukaangia yai, utabeba fungu zima. Prosesa nyingi za Intel na AMD hubeba fungu la baiti 64, yaani Float64 nane, na kuliweka kwenye kashe, kumbukumbu ndogo iliyo karibu sana nayo. Ukitembea na foleni, unalipia safari moja na kutumia nyanya zote nane. Isitoshe, prosesa inaona unakoelekea na kuanza kuleta mafungu ya mbele kabla hujayaomba.

Ukiruka, unatumia nyanya moja na kuhamia fungu lingine. Saba zilizobaki zina faida tu kama zitakuwa bado zipo kwenye kashe ukizirudia, na utazirudia `lon` ikishafika 2. Kabla ya hapo umepitia 220 × 365, yaani mafungu 80,300, zaidi ya megabaiti 5. Kashe ya karibu kabisa hupimwa kwa makumi ya kilobaiti. Fungu lako lilishasukumwa nje zamani, na itabidi liletwe tena kutoka mbali zaidi.

Julia imeweka mtego hapa na ni haki mtu aulalamikie. Kwenye kitanzi cha `for` chenye mikato, cha kulia ndicho kinachokimbia. Lakini ukijenga arei kwa mabano ya mraba, kama `[f(i,j) for i in 1:4, j in 1:8]`, cha kushoto ndicho kinachokimbia. Ukikaa utaona mantiki yake: mabano yanajenga arei, na arei inajazwa kwa mpangilio wa foleni. Lakini sijawahi kumwona mtu aliyeligundua hili kwa kusoma. Wote tumeligundua kwa kuumia.

Muulize mwenyewe

Mtu atasema: kama foleni ni moja, kwa nini nihangaike na vitanzi vitatu? Niende nayo tu.

```
for n in 1:length(mvua)
    jumla += mvua[n]
end
```

Kwa arei hii yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba si kila arei inamiliki foleni yake. Tuseme nataka kanda moja tu ya ramani:

```
kanda = @view mvua[100:160, 50:90, :]
```

Alama ya `@view` haikati nakala. Inafungua dirisha juu ya arei ile ile. Dirisha hili lina viseli 61 kwenda mashariki. Kiseli cha 61 na cha 62 cha dirisha ni majirani kwa hesabu ya dirisha, lakini kwenye foleni ya kweli kuna viseli 179 katikati yao visivyokuhusu. Ukiandika `kanda[62]`, Julia inalazimika kwanza kuvunja 62 iwe mstari, safu na siku, kisha iende kwenye arei mama.

Kuvunja huko ndiko kunakogharimu. Rudi kwenye bao. Kutoka mstari 3, safu 6, kwenda nafasi ya 23, ulizidisha na kujumlisha. Kurudi kutoka 23 unagawanya: 22 kwa 4 ni 5 baki 2, kwa hiyo safu ya 6, mstari wa 3. Kugawanya namba kamili ni miongoni mwa kazi za polepole zaidi ambazo prosesa hufanya kwenye hesabu za kawaida. Mara moja haina neno. Ndani ya kitanzi kinachozunguka mamilioni ya mara, kwa kila upande wa arei, utaihisi.

Kwa hiyo kuna arei zinazopenda kuitwa kwa namba moja ya foleni, na kuna zinazopenda kuitwa kwa majina kamili. Julia huliweka hilo ndani ya aina ya arei yenyewe. Ukiandika `IndexStyle(kanda)` itakujibu. Na huhitaji hata kuuliza, kwa sababu kuna `eachindex`:

```
for I in eachindex(kanda)
    jumla += kanda[I]
end
```

Kwa arei ya kawaida `eachindex` inatoa 1, 2, 3 hadi mwisho. Kwa dirisha kama `kanda` inatoa fahirisi zenye sehemu tatu, zikiwa zimepangwa ili ya kwanza ikimbie. Kwa dirisha la Januari, `@view mvua[:, :, 1:31]`, inarudi kwenye namba moja moja, kwa sababu Julia inatambua kwamba siku 31 za mwanzo ni kipande kimoja cha foleni kisichokatika. Msimbo wako haubadiliki hata herufi.

Ukiwa na arei mbili, andika `eachindex(A, B)`. Hapo Julia inahakiki kwanza kwamba zinalingana, na kama hazilingani inakataa palepale badala ya kukuacha uharibu data kimyakimya. Na usiandike `1:length(A)` kwa mazoea. Pakiti ya OffsetArrays inaruhusu arei ianze kuhesabiwa popote, hata kwenye −2, na kitanzi kinachodhani kila kitu kinaanzia 1 kitasimama kwa kosa. Hiyo ndiyo bahati. Ukiwa umeweka `@inbounds`, inayozima ukaguzi wa mipaka ili kuongeza kasi, hakutakuwa na kosa. Utasoma kumbukumbu isiyo yako na kupata namba zenye sura ya ukweli. Mimi lilinipata kwenye arei ya halijoto. Viseli vichache vilikuwa na joto la ajabu, na nilipoteza siku nzima nikiwalaumu waliopima.

Fahirisi inayotembea na wenzake

Mpaka hapa tumekuwa tukijumlisha, na kwa kujumlisha hujali uko wapi. Kazi nyingi za sayansi zinajali. Unataka kiseli na majirani zake, au kiseli na wenzake wa siku nyingine. Hapo namba moja ya foleni haisemi kitu: jirani wa mashariki yuko hatua 1, wa kaskazini au kusini hatua 240, wa kesho hatua 52,800, na pembeni mwa ramani "jirani" wa hatua 1 ni mtu wa upande wa pili wa nchi.

Njia ya zamani ni kuandika `i`, `j`, `k`, na kuandika msimbo mmoja wa pande mbili, mwingine wa tatu, mwingine wa nne. Toleo la Julia 0.4, la Oktoba 2015, lilileta njia nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya Tim Holy, mwanasayansi wa neva wa St. Louis. Ni kitu kinachoitwa `CartesianIndex`: fahirisi zote za mahali pamoja zimefungwa ndani ya kifurushi kimoja. Kifurushi hicho unaweza kukijumlisha, kukitoa, kukitafutia kidogo na kikubwa. `CartesianIndices(A)` ni mkusanyiko wa vifurushi vyote vya arei, kwa mpangilio wa foleni.

Tuseme data zina mapengo, tumeyaweka NaN, alama ya "si namba" (CHIRPS yenyewe huandika −9999, kwa hiyo kwanza unabadilisha), na tunataka kila pengo lijazwe kwa wastani wa majirani:

```
function jaza(A, hatua)
    B = copy(A)
    R = CartesianIndices(A)
    mwanzo, mwisho = first(R), last(R)
    for I in R
        isnan(A[I]) || continue
        jumla, idadi = 0.0, 0
        for J in max(mwanzo, I - hatua):min(mwisho, I + hatua)
            isnan(A[J]) && continue
            jumla += A[J]
            idadi += 1
        end
        if idadi > 0
            B[I] = jumla / idadi
        end
    end
    return B
end
```

Soma mstari wa `for J` taratibu, maana uzito wote uko hapo. `I - hatua` ni kona moja ya mtaa unaokizunguka kiseli, `I + hatua` ni kona ya pili. Alama ya `:` kati ya vifurushi viwili inajenga kisanduku kizima kati ya kona hizo. `max` na `min` zinafanya kazi upande kwa upande, zikikikata kisanduku kisitoke nje ya ramani. Ule msururu wa `if i == 1`, `if j == n` unaojaza kurasa kwenye lugha nyingine umekwisha.

Hakuna mahali funksheni hii imetaja idadi ya pande. Ipe orodha na hatua ya 1 kila upande, itaangalia visehemu vitatu. Ipe ramani ya siku moja, itaangalia tisa. Ipe mwaka mzima, itaangalia 27. Kompaila, programu inayoutafsiri msimbo wako, inajua idadi ya pande kutokana na aina ya `A`, kwa hiyo inatengeneza toleo la kila idadi na hulipii chochote wakati wa kuendesha. Nakala `B` nayo ina sababu. Ukijaza ndani ya `A` yenyewe, pengo lililojazwa sasa hivi litahesabiwa kama kipimo cha kweli na pengo linalofuata, na makisio yatasambaa kwenye ramani kwa mwelekeo wa kitanzi.

Mimi nilianza na `hatua = CartesianIndex(1, 1, 1)`, na sikufikiri mara mbili. Maana yake ni kwamba mvua ya jana na ya kesho zinaingia kwenye wastani wa leo. Kwa halijoto ingepita. Mvua ya kitropiki inanyesha leo kama imemwagwa kwa ndoo, na kesho jua kali. Dawa ni herufi moja: `CartesianIndex(1, 1, 0)`. Kisanduku sasa kina upana kwenye ramani na hakina kina kwenye muda.

Unaweza pia kukichanganya kifurushi na namba ya kawaida. Jumla ya mvua ya mwaka kwa kila kiseli:

```
jumla = zeros(240, 220)
for siku in axes(mvua, 3), P in CartesianIndices(jumla)
    jumla[P] += mvua[P, siku]
end
```

Ingeonekana rahisi zaidi kuchukua kiseli kimoja, kumaliza siku zake 365, kisha kuhamia kingine. Ndivyo mtu anavyofikiri. Lakini huko ni kule kuruka kwa baiti 422,400. Hapa `mvua` inatembewa kwa mpangilio wa foleni mwanzo hadi mwisho, na `jumla` inayorudiwa kila siku ina baiti 422,400 tu, kiasi ambacho kashe ya pili ya prosesa nyingi za sasa inakibeba. Bila shaka `sum(mvua, dims=3)` ingefanya kazi hiyo kwa mstari mmoja. Itumie inapokutosha. Kitanzi ni kwa siku unapotaka kujumlisha tu siku zilizozidi milimita 20, au kuacha kuhesabu baada ya mvua za masika kukatika.

Kuhusu `jaza`, kuna jambo moja ambalo halikunitokea kichwani hadi nilipochora ramani. CHIRPS inahusu nchi kavu tu. Baharini kote ni mapengo. Funksheni yangu haikujua hilo. Ilichukua kila kiseli cha bahari kilichogusana na pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara na kuzizunguka Unguja, Pemba na Mafia, na kukinyeshea wastani wa mvua ya nchi kavu, na ramani ikawa imenenepa kiseli kimoja kuelekea Bahari ya Hindi. Kilichohitajika ni arei ya pili ya ndiyo na hapana, `nchikavu`, na mstari mmoja ndani ya kitanzi, `nchikavu[I[1], I[2]] || continue`, unaokifungua kifurushi na kutumia sehemu zake mbili za kwanza, kwa sababu bahari haihami kutoka siku hadi siku.